Nilimuuzia Lebo 2,000 Huku Nikijua Dagaa Wake Hawajakauka

Ijumaa usiku nafunga fremu yangu hapa Mabatini, Mwanza, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Igombe, mkaushaji wa dagaa. "Mwanangu, Dodoma wameagiza tena. Mara ya tatu!" Nyuma yake watu wanapiga vigelegele. Nilirudi ndani nikakaa nikalia, na leo nataka niwaeleze kwa nini, maana wengi mnaonisoma mna biashara ndogo kama yangu na kila siku mnaniuliza wateja wa kudumu nawatoa wapi.

Mama huyu niliwahi kumwangusha mimi mwenyewe.

Mimi nauza vifungashio na kuchapa lebo. Alikuja mara ya kwanza asubuhi ya mvua za masika, kabeba dagaa kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Alikuwa ameona dagaa waliofungwa vizuri kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nyamhongolo, akasema na yeye amechoka kuuza kwa gunia soko la Mwaloni, bei anapangiwa na mchuuzi. Alikuwa amekopa kwenye kikoba chao. Nikachukua dagaa mmoja nikamvunja. Akapinda, hakukatika. Nikaonja, mchanga ukalia kwenye meno. Nilijua palepale kwamba hawa wameanikwa chini mchangani na bado wana maji ndani.

Sikusema kitu. Kodi ya fremu ya miezi sita ilikuwa inadaiwa wiki ile, na mbele yangu kuna mtu ana pesa taslimu. Nikamuuzia pakiti 2,000 za plastiki angavu na lebo 2,000 zenye picha nzuri ya ziwa na mtumbwi. Jumla shilingi 960,000. Sikumuuliza mzigo unakwenda wapi. Hata tarehe ya kuisha muda sikumwekea nafasi kwenye lebo, kwa sababu hakuniomba.

Mzigo ukapanda basi kwenda Dar es Salaam. Haikupita hata wiki ya nne ukarudi, nauli juu yake. Alikuja nao dukani. Akazipanga pakiti juu ya kaunta moja moja, polepole, kila moja ina matone ya maji kwa ndani na ukungu mweupe kwenye vichwa vya dagaa. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe uliwashika hawa dagaa kwa mkono wako. Ukanyamaza."

Nikamjibu, "Mama, mimi ni mtu wa lebo tu."

Neno hilo linaniuma hadi leo ninapoandika. Hakugomba. Alizikusanya pakiti zake akaondoka, na kwa miezi miwili kila aliyeingia dukani kutoka upande wa Igombe aliniuliza bei akaenda zake. Habari zilishafika.

Mwishowe nilipanda daladala nikamfuata. Nilimkuta anageuza dagaa juu ya mchanga, mbuzi wanapita katikati. Nilipiga magoti nikaomba radhi, naye akanipa kigoda na chai. Siku ile ndipo nilipojifunza kazi yangu upya. Dagaa wa mchangani hukauka juu, chini wananyonya unyevu. Wakianikwa kwenye kichanja cha nyavu upepo unapita pande zote mbili, na mvua ikija unawafunika kwa turubai kwa haraka. Kichanja cha kwanza tulikifunga pamoja, mimi nikanunua misumari. Nikampeleka SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato. Wale ndio wanaomwandikia mjasiriamali mdogo barua ya kumtambulisha TBS, shirika la viwango, na kwa barua hiyo miaka yake mitatu ya kwanza ya alama ya ubora hailipii. Wangapi wanauza vifungashio mjini hapa na hawamwambii mteja jambo hilo? Mimi mwenyewe nilikuwa nalijua.

Mwaka na nusu uliofuata ulikuwa wa kulipa deni la kikoba na kukausha. Nilimuuzia pakiti hamsini hamsini, za rangi isiyopitisha mwanga, lebo ikiwa na uzito, tarehe ya kufungashwa na ya kuisha muda, na namba ya toleo. Faida yangu ilikuwa ndogo mno. Lakini leo yupo kwenye rafu za Dodoma, na majirani zake sita wa Igombe ni wateja wangu. Sijatoa tangazo hata moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huo: muulize mteja bidhaa yake inakwenda wapi. Muulize tena. Ukiona kasoro, sema kabla hujapokea pesa. Akitaka elfu mbili na unajua hajawa tayari, muuzie hamsini.

Nisiwafiche, si kila mtu atakushukuru. Kuna kijana wa unga wa lishe, Buhongwa, nilikesha naye siku tatu kupanga lebo yake, nikamsahihishia hata majina ya viambato. Ilipokuja oda kubwa akaichukua kazi yangu akaipeleka kwa mchapaji mwingine, tofauti shilingi ishirini kwa lebo. Nikikutana naye Makoroboi anageukia upande wa pili. Iliniuma, na bado. Lakini unga wake haujarudishwa, na hilo najivunia.

Ndugu yangu mfanyabiashara, acha kujificha nyuma ya kaunta. Unayeuza nyavu, unampimia mvuvi timba, zile nyavu za uzi wa plastiki, huku ukijua ni haramu, na doria ikimkuta zitachomwa moto mbele ya macho yake pamoja na mkopo wake. Fundi wa mashine za boti, unamfungia mtu kifaa unachojua hakimalizi safari ya Ukara. Mwenye duka la dawa za mifugo, unampa mfugaji chupa bila kumwambia kipimo. Pesa ile unaila jioni, mwenzako anaamka amefilisika, halafu mwezi unaofuata unakaa dukani unalalamika kwamba biashara ni ngumu na wateja wamepotea. Wamepotea wapi? Wewe ndiye uliyewamaliza!

Jumamosi asubuhi nilimpigia mama. "Mwangaluka, mama." Akanitajia oda anayotaka: pakiti 3,000 kwa mpigo. Moyo wangu ulirukaruka, maana kodi ya fremu imekaribia tena. Nikamuuliza ndani ana kilo ngapi zilizokauka. Akanyamaza kidogo. Mbalamwezi imeanza, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mitumbwi iko nchi kavu, na alizobaki nazo hazijazi hata pakiti elfu.

"Basi niandikie hizo elfu moja," akasema. "Nyingine tutaongea giza likiingia."