Mleta mada, hela ya kurudi usiitume. Mimi nililala kisiwani na mama mkwe

Mkuu, weka simu chini kwanza. Kabla hujatuma hiyo hela, nisome.

Umeuliza mambo matatu: boti kutoka Kayenze, huku Mwanza, kwenda kisiwani Ziwa Victoria ni shilingi ngapi, mbebe chakula gani, na watoto waogelee wapi. Sawa. Ila kilichonitoa kitandani ni ule mstari wako wa mwisho, kwamba umeshaelewana na kijana wa boti na kesho unamrushia hela yote ya kwenda na kurudi "ili anipunguzie". Hilo punguzo nalijua. Nilishalipata.

Na usidhani nilikuwa mgeni wa kuibiwa stendi. Nimekulia Igoma, hapa hapa Mwanza. Mama mkwe alikuja kutoka Tabora kumwona mjukuu, mke wangu akasema kisiwa cha Saanane alishapelekwa na shemeji, safari hii tumtafutie sehemu tulivu. Nikakumbuka kuna mtu aliwahi kuandika humu humu kuhusu kisiwa kimoja mbele ya Kayenze: mchanga safi, hakuna spika, hakuna walevi. Akamalizia, "lipeni yote mapema, jamaa anashusha bei." Mkuu uliyeandika vile, popote ulipo, sikudai kitu. Ila kila nikipita soko la samaki la Mwaloni nikisikia harufu ya dagaa nakukumbuka, na si kwa dua.

Tulikuwa saba. Kwenda na kurudi jamaa alisema laki na ishirini. Nikimaliza yote kabla, ananifanyia laki. Nikarusha kwa simu pale pale tukiwa bado tumesimama kwenye tope la mwalo, pale boti zinapoegesha, nikajiona mjanja wa mjini. Elfu ishirini imeokoka! Nikawanunulia watu soda.

Kisiwa chenyewe sina neno baya. Mawe makubwa yamebebana kama ya Kapripointi, mchanga unaunguza nyayo, upande wa pili kambi ndogo ya wavuvi na dagaa wameanikwa mpaka huoni pa kukanyaga. Mama mkwe akavua viatu, akapandisha kanga kidogo, akaingiza miguu majini akacheka peke yake. Mpaka saa nane mchana nilikuwa mkwe bora Kanda ya Ziwa nzima.

Makubaliano yalikuwa saa kumi. Saa kumi tukakunja mkeka, tukabeba masufuria, tukapanga mstari ufukweni kama watu wanaosubiri daladala ya Buhongwa. Kumi na nusu. Kumi na moja. Simu yake haipatikani. Upepo ulikuwa umeshapanda, ule wa mchana, nchi kavu ikichemka unavuma kutoka ziwani na maji yanachafuka. Nikajipa moyo kwamba jamaa ni mtu makini, anasubiri mawimbi yatulie. Mke wangu hakusema kitu. Wenye ndoa mnaijua hiyo hali.

Jua linakaribia kuzama ikapita boti ya abiria, imejaa mpaka ukingo unagusa maji. Nahodha akapunguza injini: "Pandeni tu, mtabanana!" Nikaanza kuhesabu vichwa, nikaacha baada ya thelathini. Majaketi ya kuokolea niliyaona mawili, moja limekaliwa. Sasa mtu aliyekulia Igoma amekua akiyaona makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba, Mei 1996, huhitaji kuhadithiwa. Na kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, kilipinduka pale kisiwa cha Ukara kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, wakafa watu zaidi ya 200. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba kuliko uwezo wake. Nikasema hapana, nendeni. Mama mkwe akasema, "Hapo umenena, baba." Ndiyo maneno pekee mazuri niliyoambiwa siku ile, yatunzeni.

Mzee mmoja wa kambini ndiye aliyenifungua macho. Akaniuliza boti ilikuwa ya rangi gani, nikamwambia bluu, ina kiraka cha bati ubavuni. Akacheka. "Hukuangalia mwezi kabla ya kuja? Hizi siku za giza."

Kwa wasiojua: dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, dagaa hawaifuati, kwa hiyo wavuvi wanapumzika na boti zinazagaa mwaloni, vijana wanazitumia kubeba watu kama sisi. Likiingia giza, kila kinachoelea kinarudi kazini. Na ile boti haikuwa ya kijana. Ilikuwa ya tajiri wake, na tajiri aliitaka jioni ile. Mimi nilimlipa mtu ambaye ana hela yangu ila hana boti.

Ikawa usiku. Ziwa lote likawaka taa, ungesema kuna mji umeota juu ya maji, unamkuta mwanao anasema "baba, pazuri!" Nikakaa kwenye mchanga nazitazama nikijua mojawapo ya zile taa iko kwenye boti niliyoilipia mimi.

Wale wavuvi ni watu wema. Walitupa banda moja la mabati, maturubai na magunia, na ugali na sato ambaye hadi leo sijala mtamu kama yule. Banda moja, mkuu. Umenielewa? Kwetu mkwe hata sahani hatuchangii, nikimpisha njiani napita pembeni. Nikasema mimi nitalala nje, nimeshazoea, mwanaume. Saa nane usiku zikaanza radi. Ziwa hili mvua zake kubwa hupenda usiku, na kisiwa hakina baraza. Nikavumilia chini ya jiwe mpaka maji yakaingia kwenye soksi, kisha nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka ndani: "Baba, ingia, utakufa na nidhamu yako." Nikaingia. Mke wangu akalala katikati kama mpaka wa Sirari. Sikugeuka mpaka asubuhi, bega moja likafa ganzi siku mbili.

Saa moja asubuhi jamaa huyo, anatabasamu, ameshika sado ya dagaa wabichi. "Bosi pole, tajiri alinibana." Nimkaripie? Nimfanye nini? Hela kala, boti kashika, mimi nina watoto wanaotetemeka. Katikati ya maji akaomba elfu kumi ya petroli. Nikatoa! Ile dagaa mama mkwe alibeba mpaka Tabora, na kwenye kila kikao cha ukoo hadithi inaanza na sado.

Hebu fikiria ningekuwa na ile sitini ya kurudi mfukoni. Angekuja mwenyewe saa tisa na nusu, au angemtuma mwenzake, maana sitini haiachwi kisiwani. Na asingekuja kabisa, ningekuwa na cha kumpa yule mzee wa kambi, alikuwa na mtumbwi wa injini na alikuwa tayari jua halijazama. Tatizo mfukoni nilikuwa na elfu kumi na tatu, na hizo kumi unajua zilikoishia.

Kwa hiyo: ya kwenda unatoa mkishashuka kisiwani, ya kurudi unatoa miguu ikishakanyaga mwalo wa Kayenze. Akikataa, kuna boti nyingine kumi pale. Akisema "huniamini?", mwambie ndiyo.

Chakula bebeni chochote, ila maji ya kunywa zidisha, na mashuka, hata kama mnarudi jioni. Hasa kama mnarudi jioni. Watoto wasiogelee kwenye matete na maji yaliyotulia, konokono wa kichocho wanapenda huko. Hata kwenye mchanga mzuri si kwamba uko salama, mkisharudi subirini miezi miwili hivi halafu mkapime kichocho wote, dawa ipo. Na waulize wenyeji habari za mamba, usiwaulize watu wa video za mtandaoni. Wale huwa wanaondoka saa tano asubuhi wakishapiga picha.

Kama umeshatuma, mpigie sasa hivi. Usigombe. Muulize boti ni ya nani, kisha toka nje uangalie mwezi.