Jibu: Je, ultrasaundi inaweza kupima unyumbufu wa nyuzi za sauti?

Ndugu, umeuliza iwapo ultrasaundi inaweza kupima unyumbufu wa nyuzi za sauti bila kuingiza kifaa kooni. Inaweza, ingawa si kwa wepesi.

Kamera inayopitishwa puani huonyesha uso wa nyuzi hizo na namna zinavyotetemeka, takriban mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume anayezungumza na 200 kwa mwanamke, lakini haioni tabaka za ndani, ambazo mtafiti wa sauti Minoru Hirano alizieleza mwaka 1974 kuwa ni gamba laini lililofunika msuli. Kwa ultrasaundi, kifaa huwekwa shingoni, husukuma tishu kidogo, kisha hupima kasi ya wimbi mkingamo, yaani wimbi linalotikisa tishu kukingama na njia linakoelekea, linalozaliwa humo. Tishu ikiwa ngumu, wimbi huenda kasi zaidi. Kasi ikiongezeka maradufu, ugumu unaokadiriwa huongezeka mara 4.

Hapo ndipo ninapokusihi uwe mwangalifu na tarakimu. Kanuni hiyo huchukulia kwamba tishu ni nene na ina sifa zilezile kila upande, ilhali nyuzi za sauti ni nyembamba na nyuzinyuzi zake zimelala kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo jibu hubadilika kifaa kikigeuzwa. Tena gegedu la zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, hugeuka mfupa umri unaposogea, hasa kwa wanaume, likazuia mawimbi. Kwa maoni yangu, kulinganisha upande wa kushoto na wa kulia wa mtu huyohuyo, akiwa ametulia bila kuongea, kunaaminika zaidi kuliko kulinganisha watu wawili.