Usikimbilie Kusambaza Dodoso

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma saikolojia Unguja kaniandikia: "Dada, nimeshamaliza kutafsiri dodoso langu, nianze kusambaza?" Nikamjibu subiri. Mimi sikusubiri, na yaliyonipata mpaka leo yananiuma.

Nilikuwa Maskati, shahada ya pili. Nyumbani kwetu ni Kiswahili, kama familia nyingi zilizorudi kutoka Zanzibar. Kiarabu nimekipata shuleni na sokoni. Nikachukua dodoso fupi la mwanasaikolojia Peter Fonagy na wenzake, la 2016, nione kama linawafaa watu wazima wa Kiarabu. Linapima jinsi mtu anavyoelewa yanayopita nafsini mwake na mwa wenzake. Sentensi 8 tu, unajibu kwa namba, 1 hadi 7.

Nilifuata utaratibu wote. Wawili wakatafsiri, mwingine ambaye hakuiona asili akarudisha kwenye Kiingereza, njia aliyoieleza mtafiti Brislin mwaka 1970. Ikarudi safi. Nikatuma kiungo WhatsApp, majibu yakamiminika.

Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama sentensi za dodoso zinakwenda pamoja, haikufika 0.70 inayotakiwa kwa kawaida. Vipengele viwili vilivyotarajiwa, uhakika na kutokuwa na uhakika, havikusimama. Dodoso lenyewe lina kasoro yake, maana sentensi 4 kati ya hizo 8 huhesabiwa kwenye vipengele vyote viwili, lakini mhakiki wa jarida nililopelekea makala yangu hakuligusa hilo. Aliandika kwamba huenda mtafiti hakimudu Kiarabu. Nililia. Bibi yangu alisali kwa lugha hiyo maisha yake yote.

Nilipotulia nikaanza kukaa na watu, mmoja mmoja, nikiwasomea kila sentensi. Mama mmoja, mwalimu wa Kurani, nilimsomea ile inayosema mawazo ya watu ni fumbo kwangu. Akaweka 7 palepale. Kwa nini, mama? Akanishangaa: "Binti yangu, ya vifuani anayajua Mwenyezi Mungu." Kwa hesabu ya dodoso, 7 hiyo inampa sifuri kwenye uhakika wa kuwaelewa wengine. Na mama huyu, kabla sijafungua hata daftari, alikuwa ameshaniambia sikulala usiku ule, akanisogezea tende na kahawa.

Kijana wa Yemen naye alikwama kwenye sentensi ya tano, ya mtu asiyejiamini anayewakera wenzake. Tuliandika kwamba mtu huyo amekosa *aman*, neno lile lile tuliloliazima sisi. Akauliza: "Amani ipi? Ya vita?"

Tafsiri ya kurudisha haikuliona hilo, kwa sababu aliyerudisha anajua Kiingereza na alikisia kilichokusudiwa. Isitoshe, sentensi za hasira tuliziandika kwa fus-ha, Kiarabu rasmi cha vitabuni, na hakuna anayekasirika kwa fus-ha.

Kaeni na watu, jamani. Kabla ya kiungo, kabla ya alfa, kaeni na watu. Mwenye elimu na asiyekuwa nayo, wa mjini na wa shamba, kila mmoja akueleze kwa maneno yake alichokisikia. Kompyuta itakuonyesha sentensi gani imelegea, haitakwambia kwa nini. Mimi nilirekebisha sentensi tatu, nikakusanya majibu upya, na mwezi uliopita makala yangu imekubaliwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, chukua daftari uende kwa bibi yako. Msomee sentensi yako yenye neno "moyo", kisha nyamaza umsikilize.