Kabla ya Kuongeza Hamira, Hakiki Haidromita Yako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Njiro, Arusha, aliniandikia: "Shikamoo dada. Bia yangu imegoma. Ilianza 1.044, sasa iko 1.014 na haishuki. Maelekezo yanasema ianze 1.050 na iishie 1.010. Niongeze hamira?" Nikamuuliza, siku ya kwanza ulipima ikiwa na joto gani? Akajibu kwamba hakupima joto, ilikuwa vuguvugu tu, kama nyuzi 40 hivi. Na hiyo ya mwisho, uliitoa gesi kwanza? Hakuitoa.

Basi bia yake haikugoma, yaani haikuacha kuchachuka kabla ya wakati. Haidromita ni kile kioo kinachoelea kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000; sukari ikigeuka kilevi, namba inashuka. Nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20, na nyingine kwenye 15.6, imeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya kioo, isome. Maji ya kimea yakiwa na nyuzi 40 ni mepesi kuliko yakiwa na 20, kwa hiyo haidromita inazama zaidi na namba inakuwa ndogo. Kitu chenye uzito wa 1.050 kikipimwa kwenye nyuzi 40 kinasoma 1.044. Ndiyo namba yake hiyo hiyo. Ile ya mwisho nilimwambia aimiminishe bia kutoka glasi hadi glasi mpaka povu liishe, ndipo apime tena. Akasoma 1.010. Alivyodhani, bia yake ilikuwa na kilevi cha asilimia 3.9. Ukitoa 1.010 kwenye 1.050 ukazidisha kwa 131.25, unapata 5.25. Alikuwa na bia nzuri kabisa ndani ya ndoo na alikuwa mbioni kuiharibu kwa hamira asiyoihitaji.

Nimeshasema na nitaendelea kusema: bia nyingi "zilizogoma" kwenye majiko yetu hazina tatizo lolote. Tatizo liko kwenye kupima.

Mambo ya kupika sitayagusa leo. Wewe unayenisoma unajua kuloweka kimea na kuchemsha hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na najua unachokitaka, maana ndicho ninachokitaka mimi: uweke chupa yako mezani mbele ya mtu aliyezoea bia ya kiwandani, anywe, aombe nyingine. Na ukipika tena mwezi ujao, itoke ile ile. Hilo la pili huwezi kulipata kwa kukisia.

Mimi nilifundishwa kupima na mzee mmoja jirani yetu hapa Rau, Moshi, mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kiwanda cha bia. Nilimpelekea bia yangu aionje. Kabla hajaonja akaniuliza ilianza ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza kwa joto gani, kwa kipimo kipi, na kipimo chenyewe kilihakikiwa lini. Baadaye akaniita barazani kwake, akaleta glasi mbili ndefu. Akamimina bia huku na huku taratibu, akaiacha itulie, akamimina tena. Akajaza tyubu, ile glasi nyembamba ya kupimia, mpaka karibu na mdomo, akaishika haidromita kwa ncha ya juu, akaishusha na kuizungusha kwa vidole viwili kama anayechezesha pia. Viputo vilivyokuwa vimeng'ang'ania kioo vikaachia, maana kiputo kikishika haidromita kinainyanyua na namba inapanda. Ilipotulia, mzee akapiga goti mpaka jicho likawa sawa na uso wa bia. Bia hupanda kidogo pale inapogusa shingo ya kioo. Yeye akasoma ule mstari wa chini, sio ukingo uliopanda. Akaandika namba, joto na saa. Ndipo akainywa. Sampuli hairudishwi kwenye ndoo, hilo alilisema kwa ukali kweli, kwa sababu ya vijidudu.

Tangu siku hiyo nafanya vile vile, na sioni haya kusema kwamba namba zangu sasa mtu akizirudia anapata zile zile.

Lakini macho mazuri hayasaidii kama chombo chenyewe ni kibovu. Nilinunua haidromita kwenye duka moja la mjini ambayo ndani ya maji safi ilikuwa inasoma 1.006. Karatasi ilikuwa imeteleza ndani ya kioo. Niliirudisha na muuzaji akaniambia mbele ya wateja wengine kwamba mama wa nyumbani hawezi kumfundisha yeye vipimo, na pesa hakurudisha. Sijasahau. Kwa hiyo ukinunua haidromita, ihakiki siku hiyo hiyo, tena kwa namba mbili.

Namba ya kwanza ni maji. Nunua maji ya betri, yale yaliyosafishwa, kwenye kituo cha mafuta, na usome lebo vizuri usije ukapewa tindikali. Yapooze mpaka nyuzi 20. Yanapaswa kusoma 1.000. Kwetu Moshi watu wengi wanakosea hapa: wanatumia maji yaliyokaa mezani mchana, yana nyuzi 27, haidromita inasoma 0.998 na wanailaani bure. Chombo kizima, maji ndiyo ya moto. Simamisha tyubu kwenye beseni la maji baridi kwanza.

Namba ya pili ni sukari. Pima kwa mizani gramu 100 za sukari na gramu 900 za maji, koroga mpaka iyeyuke yote, poza mpaka nyuzi 20. Inapaswa kusoma 1.040. Pima kwa mizani, usitumie jagi. Kama maji yanasoma 1.002 na sukari 1.042, chombo chako kinazidisha pointi mbili kila mahali, kitumie na upunguze mbili. Kama kwenye maji kiko sawa na kwenye sukari kimepotoka, kitupe.

Na themomita nayo ihakiki. Barafu iliyopondwa ikichanganywa na maji kidogo lazima isome sifuri. Kwa maji yanayochemka msitegemee 100, sisi tunaishi mlimani. Moshi maji huchemka karibu na nyuzi 97, na Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, karibu na 95. Nimekuta mtu mmoja wa Sakina, Arusha, amerekebisha themomita yake isome 100 kwenye maji yanayochemka, halafu anashangaa kwa nini vipimo vyake vyote vinakataa.

Wengine mnaniuliza kuhusu vipimo vya kuazima kutoka kazi nyingine. Laktomita ya kupimia maziwa inafanya kazi kwa kanuni ile ile, ila maziwa mazima yako kati ya 1.026 na 1.032, na mistari yake imepangwa kuzunguka hapo. Mwanzo wa bia hutauona, mwisho wake pia hutauona. Ya fundi betri ndiyo msiiguse kabisa. Imeshaingia kwenye tindikali, na hata ikiwa mpya mistari yake inakwenda hadi 1.300, imebanana mno kwa kazi yetu. Rifraktomita, ile inayopima sukari kwa kupitisha mwanga kwenye tone, ni nzuri kabla ya kutia hamira. Kilevi kikishaingia inadanganya mpaka ufanye hesabu nyingine.

Na kama unapika kimea kizito kwenye sufuria ndogo halafu unaongeza maji baridi kwenye ndoo, koroga kwa nguvu zako zote kabla ya kupima. Kimea kizito kinakaa chini, maji yanakaa juu. Ukichota juu unapata 1.035, ukifungua koki ya chini unapata 1.060, na zote mbili ni uongo.

Kuna wanaoniambia haya yote ni ya kizungu, kwamba bibi zetu Kibosho na Marangu walipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, bila haidromita. Ni kweli walipika, na ninamheshimu bibi yangu kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika mwiko. Lakini mbege inanyweka ndani ya siku moja mbili ikiwa bado inachemka kwenye chombo cha wazi, na gesi yake inaondoka zake. Bibi alipima kwa ulimi, utamu wa ndizi na ukali wa msesewe, lile gome chungu, na kwa kinywaji kile ulimi ulitosha. Wewe unatia bia kwenye chupa, unagonga kizibo. Hiyo ni kazi nyingine. Na kipimo hiki si fasheni ya juzi: Mwingereza John Richardson alishawaeleza watengeneza bia namna ya kukitumia mwaka 1784.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu liliwahi kunigusa. Ndugu mmoja tuliyekuwa tunapika naye alichukua kanuni yangu ya bia kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Nilimwandikia kila kitu, pamoja na siku za kupima. Alipoona povu limeisha akaona imeiva, akajaza chupa. Zikapasuka stoo usiku, vioo vikatapakaa hadi kwenye magunia ya mahindi. Nashukuru Mungu hakukuwa na mtoto humo ndani. Kisha akawaambia wageni kwamba kanuni ya dada Rau ndiyo mbovu. Wapo ambao hadi leo wakiniona wananitania na chupa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza bia ile ilikuwa inasoma ngapi ilipozibwa.

Kila 0.001 inayoshuka ndani ya chupa iliyozibwa huzalisha gesi karibu nusu ya ujazo wa bia yenyewe. Bia ya kawaida hubeba gesi ya kama mara mbili na nusu ya ujazo wake. Ukiziba ikiwa imebakiza pointi nne, umeongeza mara mbili nyingine, na bado hujahesabu sukari uliyotia kwa ajili ya povu. Chupa iliyokwishatumika, yenye ufa usioonekana, haiwezi kuvumilia hiyo.

Kwa hiyo povu kuisha si ushahidi, na siku kwenye kalenda si ushahidi. Pima leo, acha siku tatu, pima tena kwa haidromita ile ile, bia ikiwa imetolewa gesi na ina nyuzi 20. Namba zikiwa sawa, na ziko karibu na pale kanuni yako ilipotarajia, jaza chupa. Zikitofautiana hata kwa pointi mbili, funika ndoo, subiri siku tatu nyingine, upime tena, hata kama wageni wamealikwa Jumamosi.