Nyota iliyotembea ikazimika katikati ya anga ni kitu gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Pangani. Juzi, saa mbili kasorobo usiku, tulikuwa tumekaa barazani tukaona kitu kama nyota kubwa kikitokea kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki. Hakikuwa na mlio wala taa za kuwaka na kuzima. Kilipita karibu na utosi, halafu kabla hakijashuka chini kikageuka rangi ya chungwa na kupotea, na anga lilikuwa safi, halina wingu hata moja. Wenzangu wanasema ni ndege, mimi nasema ni setilaiti. Kama ni setilaiti, mbona ilizimika? Nitajuaje ikipita tena? Na hizi setilaiti za Kenya tunazozisikia, nazo zinaonekana kwa macho?

JIBU: Marahaba. Umetazama vizuri, na huko kuzimika ndiko kunakotupa jibu. Ndege ina taa nyekundu na ya kijani, na mara nyingi mlio wake hufika. Kimondo hakidumu zaidi ya sekunde chache. Mwanga mmoja uliotulia, mkali kuliko nyota zote, unaokata anga kwa dakika tano au sita, kwa uelekeo huo uliousema: sina shaka kubwa kwamba mliona Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Chombo hicho kina upana wa mita 109, na tangu Novemba 2000 hakijawahi kukosa watu ndani. Kinapita kilomita 400 na ushei juu yetu, kwa mwendo wa karibu kilomita 27,600 kwa saa, na kinaimaliza dunia nzima kwa dakika 93 hivi.

Mwanga mliouona ni wa jua, unaopiga kwenye kiwiliwili cha chombo na paneli zake kubwa za sola kisha kurudi kwetu. Ninyi barazani jua limeshawatwea, lakini aliye kilomita 400 juu bado analiona. Watu wa Moshi wanalijua jambo hili: giza limeanza kuingia mjini, na kilele cha Kibo bado kinang'aa. Jioni kivuli cha dunia hupanda kutokea mashariki, na kituo nacho kinasafiri kuelekea huko huko, kwa hiyo lazima wakutane. Miale ya mwisho inayokifikia huwa imepenya kwanza kwenye hewa ya dunia, na hapo ndipo ile rangi ya chungwa inapotoka. Ni rangi ya machweo. Wanaanga waliokuwemo walikuwa wakitazama jua likizama dakika ile ile mliyokuwa mkiwatazama wao.

Hapa nataka nikawie kidogo, maana miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, na kwetu hesabu ni nyingine. Karibu na ikweta jua linazama karibu wima, na giza linaingia upesi. Kitu kilicho kilomita 400 juu ya utosi wako kinaendelea kupata jua mpaka jua liwe limeshuka kama digrii 20 chini ya upeo wa macho, na kwetu hilo huchukua saa moja na dakika ishirini hivi. Toa dakika 25 za mwanzo ambazo anga bado lina weupe, unabaki na muda usiofika saa nzima. Kwa upande wa magharibi unaweza kuongeza kidogo, kwa mashariki unapungua, kama mlivyojionea. Mtu wa London mwezi wa Juni jua lake halishuki zaidi ya digrii 15 usiku kucha, kwa hiyo anaweza kukiona kituo mara kadhaa kwa usiku mmoja. Wewe saa sita usiku kinaweza kukupita utosini usione kitu.

Kwa hiyo saa zako ni kati ya Magharibi na muda mfupi baada ya Isha, na tena kabla ya alfajiri. Ila alfajiri mambo yanageuka: kituo kinatoka kivulini, kwa hiyo kinaweza kuwaka ghafla katikati ya anga, mahali ambapo sekunde chache nyuma palikuwa patupu, kisha kikashuka mashariki kikiwa bado kinang'aa. Na usitegemee kukiona kila siku. Njia yake angani inageuka kiasi cha digrii tano kila siku, hivyo utapata siku kadhaa za jioni, halafu kimya, halafu siku za alfajiri.

Kujua kabla, tumia programu ya simu ya Spot the Station ya NASA, shirika la anga la Marekani, au tovuti ya Heavens-Above, zote ni bure. Hiyo ya pili inakuruhusu kurudi nyuma kwenye tarehe zilizopita, kwa hiyo fungua usiku ule wa barazani uumalize ubishi na wenzako. Hakikisha umeweka mahali ulipo na saa za Afrika Mashariki. Ikiandikwa 19:38, ni saa moja na dakika 38 usiku. Namba ya mwangaza inasomwa kinyume: ikiwa na alama ya kutoa, kitu kinang'aa sana, na kituo kikipita juu kabisa hufika kutoa 3 au zaidi. Kimo huandikwa kwa digrii. Nyosha mkono, ngumi yako inafunika karibu digrii 10. Chini ya digrii 20 usijisumbue, minazi na ukungu wa bahari vitakuzuia. Ramani ya anga nayo ina mashariki upande wa kushoto, kwa sababu imechorwa ili uinyanyue juu ya kichwa. Wengi hukosea hapo wakaangalia upande usio wenyewe.

Ukishazoea, tafuta pia Tiangong, kituo cha Wachina, ambacho sehemu yake ya kwanza ilirushwa Aprili 2021, na darubini ya Hubble, ambayo nayo inaizunguka dunia. Hubble haiendi mbali na ikweta kupita digrii 28.5, kwa hiyo mtu wa London haioni kabisa, na sisi inatupitia juu. Ina mwanga hafifu kuliko kituo, lakini inaonekana bila chombo. Mkiona msururu wa nukta zilizofuatana mstari mmoja, hizo ni Starlink, setilaiti za intaneti, zilizorushwa siku chache nyuma. Zikishapanda kwenye njia yao hufifia. Setilaiti ya king'amuzi chako iko kilomita 35,786 juu, mbali mno kwa macho.

Za Kenya, kwa macho hapana. Ya kwanza, 1KUNS-PF, ilikuwa na ukubwa wa sentimita 10 kila upande, na Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, nayo ni ndogo mno. Lakini 1KUNS-PF iliachiliwa angani tarehe 11 Mei 2018 kutoka kwenye kituo hicho hicho mlichokiona.

Kikipita tena, andika saa kilipotokea, kimepanda ngumi ngapi kutoka upeo wa macho, na kimezimikia upande gani. Nitumie hayo pamoja na tarehe, nami nitakutafutia jina lake.