Katuni yangu ya Mad Men inageuka doa kwenye WhatsApp

Swali: Nimejichora katuni ya mfanyakazi wa ofisi ya matangazo, mtindo wa tamthilia ya Mad Men, kwa programu ya kuchorea ya Inkscape. Kwenye kompyuta inapendeza, nikiiweka WhatsApp inakuwa doa. Isitoshe, wenzangu wanasema nimefanana na MC wa harusi. Nimekosea wapi?

Jibu: Umechorea kioo cha kompyuta, ilhali picha inatazamwa ikiwa ndogo kama kifungo cha shati. Turubai ya pikseli 1024 kwa 1024 ikishushwa hadi 96, pikseli 11 hivi za mwanzo kwa upana, na 11 kwa urefu, zinabanwa ndani ya moja. Kope na milia ya shati yenye unene wa pikseli 4 haina pa kukaa; inachanganyika na rangi ya jirani. Mstari wa nje uupe 18 hadi 22, wa ndani usishuke chini ya 12. Kisichofika hapo kifute.

Inkscape ina mtego hapa. Ukiwa umeshika kishale cha kuchagulia, kwenye upau wa juu kuna kitufe kinachoamua kama unene wa mstari ubadilike umbo linapokuzwa. Kikiwa kimezimwa, unakuza kichwa na mistari inabaki myembamba vilevile.

Kama uliiachia programu ifuatishe picha yako yenyewe, anza upya. Kila kivuli kidogo huwa umbo lake, na uso unatoka na mabaka kama ramani. Weka picha kwenye tabaka la chini, ififishe hadi asilimia 40, ifunge, kisha chora juu yake kwa kalamu (herufi B). Mstari wa taya usizidi nukta 8 za kalamu. Michoro ya msanii Dyna Moe, ambayo AMC, kituo cha televisheni kilichorusha tamthilia hiyo, iliitumia mwaka 2009 watazamaji wajitengenezee katuni za Mad Men, ni ya maumbo bapa na mistari michache, ndiyo maana inavumilia kupunguzwa.

Sasa huyo MC. Kinachomleta ni tai pana na kola za koti pana. Hadithi ya Mad Men inaanza Machi 1960 na kuishia Novemba 1970, na mavazi ya miaka hiyo hayafanani, kwa hiyo chagua mwaka kwanza. Kwa 1960 hadi 1964, tai ni sentimita 5 hadi 6, na kola za koti upana huohuo. Ikiwa mabega yako ya sentimita 45 yamechukua pikseli 600, tai iwe kama 73. Leso ya mfukoni ni nyeupe, imenyooka kama rula. Kwa vipimo halisi ingekuwa pikseli 13, ila danganya kidogo, ipe 20. Afro na ndevu za mashavuni ziache mpaka mwisho wa muongo. Kwa mwanamke wa mwanzoni, nywele zilizotunishwa na wanja wenye mkia vinatosha; lulu zikizidi sita zitaungana kuwa uzi mweupe.

Ngozi nyeusi usiizungushie mstari mweusi: pua na midomo vitapotea. Tumia kahawia iliyoiva zaidi ya ngozi, na upande mmoja wa uso uweke umbo moja la rangi nyepesi.

Rangi nazo zina hila. Picha ikibanwa kuwa faili la JPEG, kama WhatsApp inavyofanya, kwa kawaida mwanga hutunzwa kamili lakini rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Ndiyo maana tai nyekundu juu ya koti la kijani kibichi huvuja kingoni, ilhali haradali juu ya kijivu cha makaa inasimama. Geuza nakala kuwa nyeusi na nyeupe: tai ikipotea, badilisha rangi moja.

Duara la WhatsApp linakata asilimia 21 ya mraba, yote kwenye pembe. Utosi hadi kidevu uwe pikseli 560 hivi, katikati; ukivaa kofia, punguza hadi 480. Weka mandhari ya rangi moja, mathalani haradali (msimbo #D9A441), kabla ya kutoa PNG, kwa sababu JPEG haina uwazi na palipo wazi panaweza kujazwa weusi.