Kwa mnaoanza kazi na seli za uvimbe wa ubongo

Wadogo zangu mnaoingia maabara sasa, nawaomba mtenganishe kukua na kusambaa. Mimi nilivichanganya, miezi minne ikapotea.

Nilikuwa nafuatilia EGFR, protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli. Kwa kawaida hupokea ujumbe wa ukuaji kutoka nje, huupitisha ndani, kisha hutulia. Kwenye glioblastoma, aina kali ya uvimbe wa ubongo, mara nyingi jeni yake huwa na nakala za ziada, na wakati mwingine hutokea umbo la EGFRvIII, lililopungukiwa kipande cha upande wa nje. Hilo halingoji ujumbe. Linaisukuma seli igawanyike hata pasipo kuitwa.

Basi nikakwangua mstari kwa ncha ya pipeti katikati ya seli zilizojaa sahani, likabaki pengo. Kesho yake, chini ya hadubini, zenye EGFRvIII zilikuwa zimeziba pengo. Zisizo nayo bado. Nikaandika kwa furaha kwamba protini hii inahamisha seli. Dada aliyenitangulia pale akaangalia picha, akauliza, "Umejuaje zimehama? Kama zimezaana tu?" Sikuwa na jibu. Nilirudia nikiwa nimezuia mgawanyiko kwa mitomaisini, dawa inayozuia seli zisigawanyike, na tofauti ile ikapungua sana.

Nalisisitiza hili kwa sababu kusambaa ndiko kunakowashinda madaktari wa upasuaji. Mwaka 1928 Walter Dandy, wa Johns Hopkins huko Baltimore, alieleza jinsi alivyoondoa nusu nzima ya ubongo, ya kulia, kwa wagonjwa wa uvimbe huu. Hata hivyo ugonjwa ulirudi. Seli hutambaa kufuata nyuzi za neva na mishipa ya damu, zikavuka hadi upande wa pili.

Jingine ni serumu, majimaji ya damu yanayotumika kulishia seli. Seli za mgonjwa zikioteshwa humo, zile zenye nakala nyingi za EGFR hupungua kizazi baada ya kizazi, mpaka unajikuta unachunguza protini ambayo haipo tena chupani. Pimeni kiwango chake kabla ya jaribio, msitegemee kipimo cha mwaka jana.

Na U87, ukoo wa seli za glioblastoma zinazooteshwa maabara, ambao karibu kila mtu ataanza nao: asili yake ni Uppsala, Sweden, miaka ya 1960, lakini mwaka 2016 watafiti wa huko huko walionyesha kuwa inayosambazwa duniani DNA yake hailingani na ya mgonjwa wa awali. Mkipewa chupa, hata na mimi, pelekeni sampuli ikapimwe DNA kwanza.